Msikilizaji wa Kwanza

Kijana wa Kenya anayependa kuandika huishi miaka mingi akiwa na msomaji mmoja tu, naye ni mtahini. Kila anachokitunga darasani kinaelekea kwenye meza ya mtu asiyemjua, mwenye kalamu nyekundu na rundo la karatasi za kumaliza kabla giza halijaingia. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, ina maswali 4: la kwanza ni la lazima, kisha mtahiniwa achague jingine moja. Kila insha ina alama 20 na haitakiwi kupungua maneno 400. Mtoto hung'amua mapema kwamba mtahini ana haraka, kwamba anatafuta methali, tashbihi na msamiati uliokolea, na kwamba kisa chenyewe kinaweza kungoja. Basi anahifadhi mianzo. Majogoo wanawika, umande unametameta nyasini, miale ya jua inapenya dirishani, naye anarauka alfajiri na mapema kama ilivyo ada yake. Darasa zima linaamshwa na jogoo huyo huyo.

Siwalaumu walimu. Mwalimu mwenye madarasa manne na insha za kusahihisha hadi usiku hana namna ya kuketi na kila mwanafunzi amwulize kwa nini mhusika wake analia. Ninachosema ni kwamba aliyemwandikia mtahini miaka yote hiyo hutoka shuleni hajawahi kumtazama msomaji wake usoni. Hajui msomaji alikunja uso wapi, alitabasamu wapi, akili yake ilianza kuzurura kwenye aya ipi. Alichopewa ni tarakimu iliyozungushiwa duara, na pengine neno moja ukingoni: jitahidi.

Nayaandika haya nikiifikiria Kakamega, mji usiokosa vijana wa kalamu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilichopata hadhi kamili ya chuo kikuu mwaka 2007, kimekaa mjini kabisa kando ya barabara ya kwenda Webuye. Kuna shule kongwe zilizoanzishwa enzi za ukoloni. Kuna maktaba ya umma. Kutoka Shinyalu, Malava, Butere, Khwisero na Ikolomani vijana hushuka mjini kila siku kutafuta kazi, karo, fomu za kujiunga na vyuo, au mtandao tu. Mifukoni na kwenye simu zao kuna mashairi na hadithi kuliko watu wazima wanavyodhani. Wanachokosa ni mtu wa kuketi mbele yao na kusikiliza.

Hebu nieleze kinachotokea akipatikana. Chumba ni darasa la kuazima, madawati yamesukumwa yakawa mviringo uliopinda upande mmoja. Chai imo kwenye thamosi, mandazi yamo kwenye mfuko wa karatasi uliokwisha loa mafuta. Msichana kutoka upande wa Shinyalu amekuja na hadithi kuhusu kifo cha nyanyake, kurasa nne za daftari. Anaanza kusoma. Aya ya kwanza ina majogoo. Ya pili ina machozi yanayotiririka njia mbilimbili. Wenzake wanasikiliza kwa adabu. Mmoja anachezea kifuniko cha kalamu, anakifungua na kukifunga. Kwenye ukurasa wa tatu kuna sentensi ambayo mwenyewe anaipita mbio, kama mtu anayeona haya: kwamba baada ya maziko shangazi zake waligombania sufuria kubwa ya marehemu, ile ya kupikia wageni, na hakuna aliyeondoka nayo, kwa kuwa mamake aliijaza maji papo hapo, akaiinjika, akaanza kuwasongea ugali wote waliokuwapo.

Kifuniko cha kalamu kikaacha kuchezewa. Watu wawili watatu wakainua vichwa. Msichana hakuona, maana macho yake yalikuwa daftarini, lakini sauti yake ilibadilika. Masikio yaliona kilichokosa kuonwa na macho. Alipomaliza, kijana mmoja hakusema kitu kuhusu tamathali za usemi. Aliuliza tu, "Hiyo sufuria iko wapi sasa?"

Akajibu. Akajibu kwa kitambo kirefu, Kiswahili kikichanganyika na Luisukha, mikono ikionyesha ukubwa wa sufuria, upande uliobonyea, mshikio uliofungwa kwa waya baada ya kung'oka. Akaeleza nani huruhusiwa kuishika na nani haruhusiwi hadi leo. Akaeleza jinsi mamake, mke wa mwana, alivyokuwa mgeni katika boma lile miaka yote mpaka siku aliyoinjika maji. Hakuwa ameandika hata moja ya hayo. Hadithi yote ilikuwa ndani ya jibu, na bila swali isingetoka. Aliporudi na toleo jingine, lilianza na sufuria. Hakuna aliyemwambia awafute majogoo; walikuwa wameondoka wenyewe.

Mhariri mzuri angeweza kuandika pembeni mwa ukurasa ule: panua sehemu hii. Ni maneno sahihi. Lakini kati ya kuambiwa upanue na kuona kwa macho yako mtu wa rika lako anataka kujua, kuna tofauti kubwa, na tofauti hiyo ndiyo shule ambayo vijana wetu hawajaipata. Kusahihishwa humfundisha mwandishi kuogopa. Kutamaniwa neno lake la pili humfundisha kwamba analo.

Zipo nafasi ambamo Kenya imewapa watoto wake jambo hili, tena kwa ukarimu. Tamasha la kitaifa la drama, ambalo mizizi yake inarudi nyuma hadi 1959, huwakusanya wanafunzi kila mwaka kuanzia ngazi za chini hadi kitaifa. Mchezo unaotoka ngazi moja kwenda nyingine haubaki ulivyokuwa. Mstari uliokosa kicheko Jumanne unakatwa Jumatano. Mwigizaji anayeshindwa kutamka sentensi kwa pumzi moja anamlazimisha mwandishi aigawe. Ni karakana kamili ya uandishi, ingawa hakuna anayeiita hivyo. Francis Imbuga, mzaliwa wa Maragoli, mwendo mfupi kusini mwa Kakamega, aliyeandika *Betrayal in the City* iliyochapishwa 1976 na kuiwakilisha Kenya kwenye tamasha la FESTAC mjini Lagos mwaka uliofuata, alikuwa mwigizaji pia, wa jukwaani na wa televisheni. Ukiisoma tamthilia yake unasikia kwamba aliyeiandika amewahi kusimama mbele ya watu akangoja wacheke.

Lakini tamasha ni la wanafunzi. Siku kijana anapomaliza Kidato cha Nne asiende chuoni, jukwaa linafungwa, mwalimu wa drama anageukia wadogo zake, na yeye anarudi nyumbani na daftari. Kati ya miaka 18 na 25, umri ambao mtu anaanza kuwa na la kusema, ndipo anapokuwa peke yake kuliko wakati wowote. Hapa ndipo penye pengo, na ndipo ninapotaka tupatazame.

Simu imejaribu kuliziba. Sitaidharau simu. Kijana wa Khwisero asiye na nauli ya kufika mjini anaweza kusoma usiku huu shairi lililotungwa Zanzibar asubuhi, na anaweza kulituma lake kwenye kikundi chenye watu mia mbili. Majibu yatakuja upesi. Kongole, malenga. Kongole tena. Moto, moyo, kidole gumba. Kongole ni neno jema na kila mtunzi anastahili kulisikia, ila halimwonyeshi ubeti ulipolegea, wala halimwambii kwamba msomaji alifika mstari wa tatu akaacha. Kwenye simu mtu anaondoka bila kuaga. Chumbani hawezi, akichoka utamwona amechoka, na utajua ni kwenye neno gani.

Watu wa Kakamega si wa kufundishwa hili kama jambo geni. Isukuti ya Waisukha na Waidakho huchezwa kwa ngoma tatu zinazokwenda pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, zikisindikizwa na pembe na manyanga ya chuma. Mwimbaji mmoja huongoza, maneno yake yakifuata tukio lililowakusanya watu, liwe ni mtoto aliyezaliwa, arusi au matanga, na wachezaji waliojipanga safu za wanaume na wanawake humwitikia. Kiongozi huyo anatunga huku akipimwa. Safu ikilegea anajua kwamba neno halikufika, na hana kesho ya kulirekebisha. Analirekebisha hapo hapo. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni unaohitaji kulindwa kwa dharura, na miongoni mwa sababu ni kwamba wengi wa wanaoimudu wamezeeka na hawana warithi. Ninapowaona vijana wanaotunga mashairi vyumbani mwao wakiwa na vipokea sauti vya masikioni, nawaza kwamba tumewarithisha midundo ya ngoma zile, maana hata kwaya na bendi zinaitumia, lakini hatujawarithisha safu ya kuwaitikia. Kaskazini kidogo, kwa Wabukusu, yuko yule mzee anayefanya kumuse baada ya mazishi ya mtu mzima, akitembea katikati ya waombolezaji na kuwasimulia ukoo wao wenyewe bila karatasi mkononi. Naye hakuyapata maneno hayo chumbani. Aliyapata kwa kusimama miaka mingi kwenye mduara wa wasikilizaji kabla hajaingia katikati.

Wapo watakaosema kwamba kuandika ni kazi ya upweke, na kwamba vikao vinapoteza wakati. Kwa upande wa kwanza ni kweli. Hakuna kikundi kilichowahi kumwandikia mtu sentensi. Na mfano ambao ningeupa uzito ni wa Abdilatif Abdalla, aliyekamatwa mwishoni mwa 1968, akiwa na umri wa miaka 22, kwa sababu ya kijikaratasi cha *Kenya: Twendapi?* Alikaa gerezani miaka mitatu, na huko Kamiti akatunga kwa siri, akiandika kwenye karatasi za chooni, mashairi yaliyotoka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki* na kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Hakuwa na kikao, hakuwa na chai, hakuwa na mtu wa kumwuliza sufuria iko wapi.

Lakini tazama aliingia gerezani akiwa nani. Alikulia katika nyumba ya washairi Mombasa. Ahmad Nassir, ambaye *Malenga wa Mvita* yake ilichapishwa 1971, ni kakake. Mji wenyewe ulikuwa umezoea shairi kujibiwa kwa shairi tangu zama za Muyaka bin Haji, mwanzoni mwa karne ya 19, ambaye beti zake zilitoka kinywani zikaingia mitaani, zikapita zikijibiwa. Mtoto aliyelelewa hapo alijua tangu utotoni kwamba kina kikikosewa kuna mtu atakohoa. Walipomfungia kuta nne, hawakuweza kuwatoa masikioni mwake watu wote hao. Upweke wake ulikuwa na wasikilizaji ndani. Kijana wa kwetu anayejifungia na daftari bila kuwahi kuketi kwenye mkusanyiko kama huo anaingia katika upweke mwingine kabisa, na ni makosa kumwambia kwamba ndio ule ule wa Abdilatif.

Kuna kisa kingine kinachosimuliwa sana Afrika Mashariki, nami nakirudia kwa sababu mara nyingi husimuliwa kana kwamba maana yake ni bahati. Juni 1962 waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza walikutana Makerere, Kampala. James Ngugi, ambaye baadaye tulimjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o, alikuwa mwanafunzi hapo, akiwa amechapisha hadithi fupi kadhaa, zikiwemo za jarida la wanafunzi liitwalo *Penpoint*. Chinua Achebe alikuwapo, jina lake likiwa tayari limevuma kwa *Things Fall Apart*. Mwanafunzi akampa mgeni mswada wake. Achebe akausoma, ukafika kwa wachapishaji, na mwaka 1964 *Weep Not, Child* ikatoka. Watu husema alibahatika. Mimi naona kitu cha kawaida zaidi: watu wawili walikuwa katika uwanja mmoja kwa siku kadhaa, na umbali kati ya chumba cha mmoja na cha mwingine ulikuwa wa kutembea kwa miguu. Mswada uliotumwa kwa posta kwenda Lagos ungeweza kufika au kupotea. Huu ulikabidhiwa kwa mkono, na aliyeukabidhi alikuwepo kesho yake kusikia jibu.

Pamoja na hayo mkutano ule ulikuwa na mlango, na mlango ulikuwa umefungwa upande mmoja. Aliyeandika kwa Kiswahili hakuhesabiwa. Shaaban Robert, mwandishi mkubwa kuliko wengi waliokuwa ukumbini, hakuwa na kiti pale, na alifariki mwezi huo huo wa Juni. Ngũgĩ mwenyewe aliandika juu ya jambo hili kwa uchungu miaka ya baadaye. Kwa hiyo ninapotamani Kakamega iwe na mikusanyiko ya waandishi wachanga, natamani pia iulizwe mapema ni lugha gani zinazobaki nje barazani. Msichana yule alipoieleza sufuria kwa Luisukha alikuwa mwandishi bora kuliko alivyokuwa kwenye daftari. Angekatizwa na kuambiwa aongee Kiswahili sanifu, au Kiingereza, tungelikosa lile boma zima. Na kuna lafudhi. Mluhya anayezungumza hadharani Nairobi anajua kwamba watu watacheka p yake ikigeuka b au kinyume chake, na wachekeshaji wamejipatia mkate kwa hilo. Mahali pa kwanza anaposomea kazi yake lazima pawe mahali ambapo lafudhi si kichekesho cha mtu.

Ng'ambo ya mpaka wa Busia, chama cha waandishi wanawake cha FEMRITE kimefanya Kampala tangu katikati ya miaka ya 1990 jambo ambalo naliona kubwa kuliko tuzo zote, ingawa tuzo nazo zimekuja; Monica Arac de Nyeko, aliyekuwa mwanachama, alishinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Walijiwekea klabu ya wasomaji na waandishi kila Jumatatu. Thamani ya kikao cha namna hiyo iko kwenye ile kila. Ukiwa umeandika vibaya wiki hii, Jumatatu ijayo ipo. Ukiwa umeona aibu, una wiki moja ya kuipoza. Warsha ya siku tatu hotelini, yenye bango, vyeti na picha ya pamoja, haiwezi kumfanyia kijana hivyo. Warsha inamwasha na kumwacha. Nairobi nako, *Kwani?* ya 2003, iliyohusishwa na Binyavanga Wainaina na wenzake, ilichipuka kutoka kwenye mazungumzo marefu ya watu waliokuwa wakikutana bustanini kabla hawajawa na jarida. Lakini Nairobi kutoka kwetu ni safari ya usiku kucha kwa basi. Kijana hawezi kuwa na Jumatatu zake Nairobi.

Anaweza kuwa nazo hapa, na vikwazo vyenyewe vinajulikana. Mvua ni kimoja. Kakamega mvua hupenda alasiri, na paa za madarasa ni za mabati. Inapoanza kumwagika hakuna anayeweza kusoma wala kusikika. Mwanzoni niliiona mvua hiyo kuwa adui wa vikao. Siku hizi naiona kuwa mwenyekiti mzuri. Usomaji unasimama, watu wanasogeza viti karibu, na mazungumzo yanaanza kupigwa masikioni, wawili wawili. Hapo ndipo mtu anapokiri kwamba hajaandika tangu babake augue. Hapo ndipo riwaya ya Ken Walibora inapotoka kwenye mkoba mmoja na kuingia mwingine. Mmoja anamwonyesha mwenzake jinsi ya kukata mazungumzo ya wahusika yasiwe ya kusalimiana ukurasa mzima. Ratiba yoyote isingeweza kuyapanga haya, kwa sababu yanatokea tu pale watu wanapokuwa wamekwama pamoja bila kazi.

Kikwazo kigumu zaidi ni saa. Kikao kikitangazwa saa nane, kikaanza saa tisa na nusu, kisha mlezi akahutubu na mwenyekiti akamshukuru mlezi, msichana anayekaa mbali atakuwa anaitazama saa. Ikifika kumi na moja lazima aondoke. Boda boda za usiku ni ghali, barabara zina hatari zake, na mamake hatamruhusu tena akichelewa mara moja. Ndivyo vikundi vingi vinavyobaki vya wavulana bila mtu yeyote kukusudia. Dawa yake haina gharama. Anayekaa mbali asome wa kwanza, hotuba zingoje hadi mwisho, na asiyetaka kuzisikia aende zake kwa amani.

Na vikundi hufa, tusifichane. Hufa kwa uchaguzi wa viongozi kabla hakujasomwa hata shairi moja. Hufa kwa mchango wa kila mwezi ambao mwenye nao anakuwa na sauti kuliko mwenye kipaji. Hufa kwa sifa: kila kazi ni nzuri, kila mtu ni malenga, na baada ya muda waliokuja kujifunza wanaacha kuja. Hufa pia kwa ukali wa yule mmoja aliyesoma nadharia mbili chuoni na sasa anazitumia kuwapiga wenzake. Nimeona kijana akikunja karatasi yake mara nne mpaka ikawa ndogo kama stempu, akaitia mfukoni, na sijamwona tena kikaoni. Kwa hiyo nina msimamo ambao nitaupigania: baada ya kusoma, neno la kwanza liwe swali, na liwe swali la mtu anayetaka kujua kilichotokea. Nani alikuwa mlangoni? Mzee alimjibu nini? Maswali ya aina hiyo hayaumizi, na yanafichua udhaifu wa kazi upesi kuliko uhakiki, kwa maana mwandishi asiyejua nani alikuwa mlangoni atajigundua mwenyewe. Uhakiki utakuja baadaye, wakati watu wameshajuana majina ya ndugu zao.

Kujuana huko si pambo. Mtu anapojua kwamba mwenzake analea wadogo watatu baada ya wazazi kufariki, anasoma shairi lake la njaa kwa sikio jingine, na pia ana haki ya kumwambia kwamba ubeti wa nne ni wa uongo. Kwenye skrini ukali wa maneno hayo ungekuwa tusi. Ukitamkwa na mtu aliyekupokea mzigo mkashuka naye ngazi, unabaki kuwa ushauri. Ukweli mkali kuhusu kazi ya mtu unahitaji kubebwa na kitu, na sijaona unaobebwa vizuri kuliko na urafiki wa watu wanaoonana.

Linalobaki ni wenye funguo. Madarasa hukaa matupu Jumamosi alasiri katika mji huu. Kumbi za makanisa hukaa tupu Jumatatu hadi Ijumaa. Maktaba ina meza, viti na, zaidi ya yote, vitabu karibu, ingawa maktaba imezoea kumwambia kijana anyamaze. Ingehitaji kumpa chumba kimoja cha kusemea. Hakuna kati ya hivi kinachohitaji bajeti ya kaunti. Kinahitaji mtu mzima mmoja akubali kuweka jina lake kwenye daftari la ulinzi na kuurudisha ufunguo Jumapili.

Kisha kuna Desemba. Mabasi kutoka Nairobi na Mombasa hujaa, na miongoni mwa wanaorudi ushago kwa arusi, matanga na Krismasi wamo waandishi waliochapishwa, wahariri, watangazaji wa redio, wahadhiri wa fasihi waliozaliwa hapa. Hukaa siku chache, huwasalimia wazee, hurudi. Nawaomba alasiri moja. Wasije na hotuba ya jinsi ya kufaulu, wala na vitabu vya kuuza. Waje na rasimu ya kitu wanachokiandika sasa, chenye mistari iliyokatwa na maelezo pembeni, waisome kama wengine wanavyosoma, na wakubali kuulizwa na kijana wa miaka 19 nani alikuwa mlangoni. Tangazo likisomwa makanisani na misikitini wiki moja kabla, na jingine likabandikwa kwenye stendi ya matatu za Mumias na ya zile za Kisumu, chumba kitajaa kabla ya saa nane.